Kamera Niliyojisifia Kabla ya Kuinunua

Atieno dada yangu, salamu nono kutoka Homa Bay, ambako samaki ngege wanayetukaangia anapita ukingo wa sahani.

Unajua Akinyi wangu aliitwa kupiga picha za harusi huku. Tulikuwa tumepatana: kamera yake ndogo ikitosha, ng'ombe wetu mwekundu anabaki nyumbani, isipotosha, tunamuuza tununue ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Mchana kutwa ile ndogo ilitosha kabisa. Bibi harusi alicheka mbele yake bila kukakamaa, nikajua ng'ombe wangu amepona.

Jioni pakruok ikapamba moto, kila mtu anasimamisha muziki ajisifu. Ningenyamaza vipi? Nikasimama nikasema, "Mimi ndiye niliyemzaa Akinyi, ambaye kamera yake inahesabu magamba ya samaki akiwa ng'ambo ya ziwa." Watu wakashangilia. Baba wa bwana harusi akasema, "Basi tupige sote, binti, ukiwa kule langoni." Akinyi akatoa kijikamera chake kwenye mkoba. Walicheka hadi mpiga nyatiti akapoteza wimbo. Picha ikatoka giza tupu, vichwa vyetu vidogo kama dagaa wa omena. Akinyi akaninong'oneza, "Mama, magamba kweli?"

Lakini neno nililolisema kwenye pakruok silimezi. Mwambie shemeji yako amwogeshe ng'ombe, anakwenda soko la Oyugis. Na wewe suka nywele, maana kamera kubwa itaanza na uso wako huo mzuri, unaofanana na wangu.

Dada yako,
Mama Akinyi