Tasnifu ya Zaina

Jumatatu, 4 Machi

Umeme umerudi saa nne. Kompyuta tatu zimewaka, mbili zimegoma. Nimefuta vumbi, nimefungua madirisha, nimebandika upya tangazo la nenosiri ambalo wanafunzi hulibandua kila wiki.

Mkurugenzi wa maktaba kanipa kazi. Shirika linalotufungulia majarida ya kielektroniki linataka ripoti kabla ya mwisho wa Mei. Mambo mawili: nani hapa chuoni anayasoma hayo majarida, na watafiti wetu wamechapisha nini. Ripoti ikichelewa au ikiwa dhaifu, mlango unafungwa. Ndiyo basi majarida. Tutabaki na makabati ya vitabu vilivyoliwa na mchwa.

Kazi nimeipenda. Nimejifanya siipendi.

Naandika haya kwa Kiswahili cha Unguja, nilikosomea ukutubi nikiishi kwa shangazi. Hapa Mahajanga, ofisini wanasoma Kifaransa na Kimalagasi. Nyumbani Mama anasoma Kurani tu. Daftari likiachwa mezani hakuna wa kulisoma.

Jumatano, 6 Machi

Rekodi za matumizi ni aibu. Wanafunzi wanafungua, wanasoma, wanachapa. Walimu karibu hawamo. Wanawatuma wanafunzi wawachapie, kisha wanasema mtandao hauna kitu.

Kesho naanza orodha ya machapisho. Profesa Velomaro ndiye mwenye mengi. Ni mwenyekiti wa kamati ya utafiti, kwa hiyo naanza naye kwa heshima.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeona kitu. Bora nisingekiona.

Makala ya Profesa kuhusu langilangi. Yale maua ya manukato ya kisiwa cha Nosy Be: ukishayapika na kutoa mafuta, hubaki maji ambayo watu huyamwaga. Makala inaeleza kwamba maji hayo huua viluwiluwi vya mbu. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikahisi naujua. Wa pili pia. Nilipofika kwenye sentensi ya mwanamke anayemwaga maji hayo nyuma ya jiko kila asubuhi, niliinuka kwenye kiti.

Nimekwenda kwenye rafu ya tasnifu. Ipo. Jalada la kijani, muhuri wetu wa maktaba, tarehe miaka miwili kabla ya makala. Mwandishi: Zaina. Namkumbuka. Alikaa dirishani mwaka mzima, akaazima mkasi wangu kukata grafu zake. Profesa ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Nimezilaza mbili pamoja mezani. Mchana wote kidole kimoja huku, kimoja kule. Sentensi ni zilezile. Jina la Zaina halimo popote, hata kwenye shukrani.

Jumanne, 12 Machi

Nina hasira. Pia nina huzuni, na huzuni ni kubwa zaidi.

Profesa ndiye aliyeniandikia barua nikapata kazi hii. Baba alipofariki alikuja mtaani kwetu Antanimasaja, akavua viatu, akaketi mkekani na wazee mpaka hitima ikaisha. Yeye Mkristo. Mama hajalisahau hilo, wala mimi.

Nimeirudisha tasnifu rafuni. Nimeitoa tena. Nimeitia kwenye droo, nimefunga kwa ufunguo.

Ijumaa, 15 Machi

Mama ameniona sili. Akauliza. Nikamweleza bila majina: mkubwa kachukua kazi ya mdogo, na mimi ndiye ninayejua.

Akaacha kuchambua mchele. "Mwanangu, nyamaza," akasema kwa Kingazija chake. "Sisi tumebaki mji huu kwa kunyamaza."

Najua anachozungumzia. Mwaka ule Wangazija walipopigwa hapa Mahajanga na waliosalia wakapakiwa melini, yeye na Baba walifichwa na jirani nyuma ya magunia. Mimi nilikuwa tumboni. Walipotoka mafichoni walijizoeza kuongea kwa sauti ya chini, kutembea kando ya ukuta, kutodai. Nimelelewa hivyo. Hata darasani sikunyoosha mkono.

Nikasogea kando yake. Nimechambua naye mchele.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefikiri hivi: kitu si changu, ni cha Zaina. Yeye ndiye wa kuamua. Labda nilitafuta mtu wa kumtwisha mzigo. Yote mawili ni kweli.

Namba yake iko kwenye daftari la zamani la wasomaji. Imeita. Anafanya kazi duka la dawa, Hell-Ville, huko Nosy Be. Nimemweleza. Akaniuliza jina la jarida. Kisha akasema, "Uje nayo, Madamu. Nataka kuisoma yote."

Huko hawezi kuifungua. Makala inafunguka kwa nenosiri la chuo tu, na yeye si wa chuo tena. Ajabu. Kazi yake mwenyewe, na mlango umefungwa kwake. Nimemchapia.

Jumapili, 31 Machi. Ankify

Sikukuu ya Pasaka, nimepata nafasi. Tangu jana alasiri ndani ya gari. Miguu imevimba. Mwanamke wa pembeni yangu alibeba kuku wawili na sikuwachukia sana.

Nasubiri boti ya kuvukia Nosy Be ijae. Bahasha iko kifuani, ndani ya kanga. Nimemwambia Mama naenda safari ya kazi. Si uongo.

Jumatatu, 1 Aprili. Hell-Ville

Duka lao limefungwa leo. Zaina amenipokea nyumbani kwa mama yake, barazani. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Ameniandalia wali, kamba wa nazi na achari ya maembe, na hakugusa chakula mpaka alipomaliza kusoma. Alisoma na penseli mkononi. Mimi nilijiandaa kwa machozi. Nilikuwa na maneno tayari ya kumliwaza.

Akacheka.

"Madamu, tazama hapa. Kikombe kimoja kwa ndoo. Hili kosa ni langu."

Sikuelewa; nilipolinganisha, neno hilo lilinipita. Akanifafanulia. Katika rasimu ya kwanza aliandika kikombe kimoja kwa ndoo. Baadaye, akinakili upya, akaona amekosea: ni kikombe kimoja kwa pipa zima. Tasnifu ya maktaba inasema pipa. Rasimu yenye ndoo alimpa mtu mmoja tu duniani. Msimamizi wake.

Kisha kicheko kikaisha. Akauweka mkono juu ya karatasi.

"Hapa watu wanaweka maji ya kunywa kwenye ndoo. Mtu akifuata makala hii atawaumiza wanawe matumbo."

Nilimuuliza anataka nini. Nilitaka aseme anataka haki yake. Alisema anataka ndoo ifutwe, iandikwe pipa. Jina baadaye. Nikaudhika. Nimesafiri usiku kucha nikikasirika kwa niaba yake, naye anafikiria ndoo za watu.

Sasa hivi, nikiandika, naona haya. Yeye ndiye mtafiti.

Jumatano, 3 Aprili

Nimerudi Mahajanga. Zaina atawaandikia wahariri wa jarida. Mimi nitamtumia nakala ya tasnifu, kila ukurasa, na muhuri wenye tarehe. Lakini nimemwomba siku mbili. Nataka Profesa alisikie kwangu kwanza. Zaina alisema, "Wewe unamheshimu bado." Ndiyo.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda ofisini kwake saa tatu. Nimeweka zote mbili mezani, tasnifu na makala. Sikukaa.

Hakukana. Hilo linaniuma kuliko kama angekana. Alifungua tasnifu, akafunga. Akatazama nje, wanafunzi wakipita. Nikamweleza habari ya ndoo na pipa. Uso wake ukabadilika hapo tu.

"Nilidhani hakuna atakayesoma," alisema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Walitaka makala ili nipandishwe cheo. Mke wangu alikuwa mgonjwa. Rasimu ilikuwa mezani." Akainyoosha makala mezani. "Sijibu swali lako, najua."

Kisha akaniomba. Iache makala hiyo nje ya orodha, binti yangu. Mengine yanatosha. Hakuna atakayeuliza, na majarida yenu yatabaki.

Nikasema, na ndoo?

Akaisukuma tasnifu upande wangu. Nimechukua tasnifu, nimetoka.

Jumanne, 9 Aprili

Mkurugenzi kaniita. Sijui kaambiwa nini na nani. Alisema ripoti iende safi. Safi maana yake isiwe na maswali. Alisema pia, akitazama kalenda na si mimi, kwamba mkataba wangu unaisha Juni na kamati ya utafiti huulizwa maoni kuhusu wafanyakazi wa maktaba.

Naogopa. Niandike wazi hapa, kwa kuwa sitalisema popote. Naogopa kukaa nyumbani. Naogopa Mama akiniambia, "Nilikukataza."

Na majarida yakifungwa kwa sababu yangu? Wanafunzi wanaosoma kila siku hawana kosa. Nimelizungusha hili kichwani tangu asubuhi, halina upande mzuri.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimefanya. Siku mbili nilizomwomba Zaina zimekuwa kumi na sita.

Nimepiga picha kurasa zote za tasnifu kwa skana yetu kongwe. Kurasa za grafu zilitoka nyeusi, nimezirudia. Mtandao ulikatika mara nne nikituma. Mara ya tano ikapita. Zaina amejibu neno moja: imefika. Barua yake kwa wahariri imekwenda alasiri hii.

Kwenye ripoti sikuiacha makala nje. Nimeiorodhesha, na chini yake nimeandika kwamba kazi hiyo inatokana na tasnifu iliyomo maktabani, jina la Zaina, na kwamba kipimo kimoja si sahihi na marekebisho yameombwa. Mistari mitatu. Hakuna tusi, hakuna lawama. Nimeweka sahihi yangu. Nimempa mkurugenzi mkononi.

Alisoma akiwa amesimama. Akasema, "Umejua unachofanya?" Nikasema nimejua. Hakuitia sahihi yake. Lakini hakuirarua, na jioni katibu wake kaniambia imetumwa kama ilivyo. Mtu huyu simwelewi.

Nimemwambia Mama. Hakugomba. Amekaa na tasbihi yake muda mrefu, kisha akauliza kama huyo msichana ana mama. Nikasema anaye. Akasema, "Basi. Nami ni mama."

Jumatatu, 6 Mei

Kimya. Jarida halijajibu. Shirika halijajibu. Walimu wanakunywa chai chumba kingine siku hizi. Salamu zimekuwa fupi. Mmoja, ambaye nimemtafutia makala mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, amenipita ngazini kana kwamba mimi ni ukuta.

Leo nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili kutafuta katika hifadhidata. Binti mmoja kauliza: tukiandika tasnifu zetu, nazo zitaonekana humu? Nikasema hapana, zinakaa rafuni. Akasema, basi nani atajua?

Swali hilo nimetoka nalo.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeanza kuziingiza tasnifu kwenye kompyuta. Sijaomba ruhusa. Tatu kwa siku, umeme ukiwapo. Mwandishi, mwaka, muhtasari, kisha kurasa. Zipo za watu waliokwisha kuwa mabibi na mababu. Zipo ambazo hazijafunguliwa tangu zifungwe na fundi. Gundi inalia nikizifungua.

Jumatano, 29 Mei

Barua ya jarida imefika kwa Zaina, naye kanisomea kwa simu. Walimwandikia Profesa kumuuliza. Hakuajiri mtu wa kumtetea, hakuomba muda. Aliwajibu mwenyewe kwamba kazi ni ya Zaina na kipimo ni cha pipa. Marekebisho yametoka: kipimo kimebadilishwa, na jina la Zaina liko juu kama mwandishi. Peke yake. La Profesa limeondolewa.

Zaina alikuwa akilia, mwishowe. Nyuma yake nilisikia wateja wakiita dukani.

Profesa amejiuzulu uenyekiti wa kamati. Amesema ni afya. Anaendelea kufundisha mpaka astaafu.

Nilidhani nitafurahi. Nimekaa tu. Nimefikiria jinsi alivyovua viatu mlangoni kwetu.

Ijumaa, 7 Juni

Majibu ya shirika. Wametuongezea mwaka mmoja, si zaidi, kwa kuwa walimu hawasomi. Ni haki. Mkataba wangu nao umeongezwa miezi sita; wenzangu wamepata miaka miwili. Mkurugenzi alinipa karatasi bila kunitazama, kisha akaniuliza tasnifu ngapi nimeshaingiza. Kumbe anajua. Akasema endelea.

Mama kasema miezi sita ni mingi, mtu huzaliwa kwa tisa.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya utulivu. Mitihani imeisha, maktaba ilikuwa na wanafunzi wawili tu. Mmoja alilala juu ya kamusi.

Saa tisa alikuja Profesa. Alipanda polepole, akashika mgongo wa kiti. Akaniuliza kama kompyuta yoyote iko huru. Nikasema zote. Alitaka nimwoneshe namna ya kutafuta. Nikamwonesha: hapa jina, hapa mwaka, hapa bonyeza. Aliandika kwa kidole kimoja, akizitafuta herufi moja moja. Aliandika jina la Zaina.

Akasoma makala yote, tangu juu mpaka marejeo. Nilijishughulisha na kadi kwenye meza yangu. Nilisikia feni.

Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Anaandika vizuri," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

Akashukuru, akashuka. Nimekwenda kufunga ukurasa aliouacha wazi. Nimeusoma kidogo nikiwa nimesimama, pale mwanamke anapomwaga maji nyuma ya jiko. Kisha nimezima kompyuta, nimezifunika, nimekwenda zangu nyumbani kwa miguu.