Nzi wa Manyoya ya Ndama

Nyamitaba, Novemba 1997

Mdogo wangu Athanasie,

Nakusalimu kutoka kwetu, ambako mvua imenipokea kama mtu aliyesubiriwa. Kifua chako kinasemaje huko Walikale? Mama Sophie aliyekupa chumba hajambo? Mimi mzima, ila magoti yamekumbuka kwamba huku ni mlimani.

Ulinituma kwa Kabera nimsikilize kabla hujampa jibu la posa. Amenipokea vizuri, vizuri mno. Alirudia yale aliyokuambia: kwamba mume wako Théogène aliuawa vitani, kwamba yeye alimzika kwa mikono yake kando ya kijito, na kwamba anawatunza ng'ombe wa marehemu kwa ajili yako. Nikamwomba anipeleke kaburini nikasali. Kwanza akasema njia ina tope. Kesho yake akasema kuna askari huko juu. Lakini wachungaji wake wanapita njia hiyohiyo asubuhi na jioni, na hakuna anayewasimamisha. Tena amewaita ng'ombe hao "wangu" mara nyingi kuliko ulimi unavyoteleza.

Basi nikatafuta njia ya kwenda peke yangu. Unawakumbuka truti, samaki wa madoadoa ambao mzungu wa pareto aliwamwaga kijitoni tulipokuwa vijana. Alitufundisha mimi na Théogène tu kuwavua kwa nzi wa uongo: ndoana iliyofungwa manyoya, inayotupwa juu ya maji kama mdudu aliyeanguka. Na unajua Kabera bado anashika mwiko wa wafugaji wa zamani, kwamba aliyegusa samaki akikaribia maziwa, ng'ombe hukauka. Nilipomwambia nakwenda kuvua, alicheka, akaondoa vibuyu vyake vya maziwa mbele yangu, akaniambia, "Papa, ukirudi na ile harufu utalala kwa mbuzi." Hakunisindikiza, wala hakumtuma mtu.

Mvua ilikuwa nyembamba, ile ambayo truti huipenda. Nilipanda na kijito, nikitupa nzi wangu na kuchunguza kingo zote mbili. Sikuona kaburi, wala msalaba, wala udongo uliowahi kufukuliwa. Karibu na msitu wa mianzi samaki mmoja akashika. Nilipomfungua mdomo nikakuta ndoana nyingine imekatikia humo, haijaota kutu, imefungwa kwa manyoya ya sikio la ndama. Mimi hutumia ya jogoo. Mtu wa tatu hakufundishwa.

Niliketi juu ya jiwe. Niliyashuku macho yangu, kisha nikashuku kwamba Kabera amenitegea mtego, nikageuka kuona nani ananifuata. Ndipo sauti ikatoka kwenye mianzi:

"Shemeji, huyo samaki iko wangu."

Athanasie, kaa chini. Mume wako yuko hai. Amekonda na mguu wa kushoto hauendi sawa. Anaishi huko juu kwa mjane Emérita, mrina asali, aliyemwokota. Anasema Kabera ndiye aliyewaonyesha wenye bunduki nyumba yenu; alimwona akinyoosha mkono. Kabera anadhani alikufa. Théogène naye aliambiwa kwamba wewe ulikufa njiani. Nilipomwambia uko Walikale na kwamba unaposwa, aliuliza kama bado unakohoa.

Usimkatalie Kabera sasa. Mimi nitaendelea kunywa chai yake, bila maziwa, na kumwambia kwamba dada yangu bado anafikiri. Wewe shika lori la kwanza kwenda Mubi, useme unatafuta chumvi. Théogène atashuka msituni pamoja na wabebaji wa asali, akusubiri huko.

Kataliko, dereva wa Mama Sophie, atakupa pamoja na barua hii kitu kidogo kilichofungwa kwenye jani. Nyakati hizi mtu asiamini karatasi, hata iliyoandikwa na kaka yake. Fungua jani, uitazame ile ndoana, manyoya yake na fundo lake. Umeona mara ngapi mume wako akilifunga mlangoni pako?

Msalimie Mama Sophie, lakini usimwambie neno. Mungu akufikishe Mubi salama.

Kaka yako mkubwa,
Nzabandora