Enduru Niliyoizibia Masikio

Jumatatu, Julai. Jua kali, na vumbi la Omurushaka limeingia mpaka kwenye chai.

Shajara, leo nakuamkia kwa mkono wa kushoto, unisamehe. Wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko, na hiki kidole gumba kinachokuandika kwenye simu kinachakura kama kuku. Nimejifungia kwenye ofisi ya ghala. Nje wapakiaji wanashona magunia ya kahawa, na kila anayepita dirishani anachungulia kuona kama Meneja bado analia.

Bado.

Habari ya mtihani unaijua, maana umenivumilia tangu Pasaka. Mwanaume wa umri wangu, mwenye kitambi na miwani ya kusomea, ameamua kusoma shahada ya uzamili ya biashara, na kabla chuo hakijamtazama usoni lazima afanye mtihani wa kuingilia. Kwenye kompyuta, Kigali, Jumamosi hii. Bosi wetu wa kanda ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kung'ata punje ya kahawa na kujua kama imekauka. Sasa yeye ana shahada, mimi nina uzoefu, na amenieleza kwa heshima zote kwamba uzoefu hauna cheti. Nafasi ya kusimamia Karagwe na Kyerwa kwa pamoja ataipata atakayekuwa amekubaliwa chuoni. Vinginevyo nitabaki na ghala langu na panya wake mpaka nistaafu.

Siku za kazi nasoma vipande vipande, swali moja kati ya lori na lori. Mama Koku, mke wangu, anasema siku hizi naota kwa asilimia. Jumapili tu ndiyo yangu nzima, na nyumbani kwetu Kihanga Jumapili haina mwenyewe. Kuna mbuzi, kuna wageni, kuna shemeji yangu Deusi, ambaye tangu nioe dada yake hajawahi kupita njiani bila kuingia.

Kwa hiyo jana, baada ya ibada, nilibeba meza mpaka katikati ya migomba. Nikaiwekea simu saa ya mtihani. Nikaziba masikio kwa pamba, na pamba isidondoke nikajifunga kitambaa cha Mama Koku kichwani, fundo chini ya kidevu. Mgonjwa wa meno kabisa. Na pale njia inapoingia kibanjani, shamba letu la nyumbani, nikamweka Bizimana.

Bizimana ni Mrundi, kibarua wangu kwa misimu kadhaa sasa. Anapunguza migomba, anachuma kahawa, analala kwenye kile kijumba cha pembeni. Maneno yake ni machache. Nilimwambia, na nakumbuka vizuri kwa sababu nilijisikia mkubwa nilipokuwa nasema: "Simama hapa, mtu asipite. Hata mbingu zikianguka, usiondoke mpaka nikuite."

"Sawa, mzee."

Nikaanza.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mama Koku na kwa hao waliokuwepo, ambao leo asubuhi kila mmoja alikuwa na lake la kueleza. Jirani yetu wa bondeni, Ta Byabato, aliamka kwenye usingizi wa mchana akakuta turubai lake tupu. Kahawa yote ya maganda aliyoianika, hakuna. Akapiga enduru.

Kwa msomaji ambaye si wa huku: enduru ni yowe la hatari. Ikilia unaacha sahani, unaacha hata sala, unachukua fimbo au panga na kukimbilia inakotoka. Asiyekimbia ana sababu yake. Ndivyo tulivyolelewa. Usipoonekana, hakuna anayesema labda kalala. Wanakuja kukutazama.

Wanaume walipokusanyika wakatazamana. Nani hayupo? Meneja. Nani mwingine? Mrundi wake.

Wakapanda. Wakamkuta amesimama palepale, mikono nyuma.

"Wewe! Enduru hujaisikia?"

"Nimeisikia."

"Na umesimama tu kama mgomba?"

"Mzee amesema nisiondoke."

"Haya, tupishe tuone mnaficha nini huko."

"Mzee amesema mtu asipite."

Shajara, jibu la kweli kuliko hilo sijawahi kulisikia. Ndilo lililomvunja taya.

Mimi wakati huo nilikuwa na swali la kufikiri, lile ambalo wanakupa hoja ya mtu halafu unatafuta alichokidhania bila kukisema. Nilikuwa nalifurahia. Nilikuwa naona udhaifu wa hoja za Wazungu mmoja baada ya mwingine, najisifu peke yangu, na nyuma ya mgongo wangu watu ninaowafahamu walikuwa na hoja yao: asiyekuja ni mwizi, huyu hakuja, piga.

Sikusikia kitu. Niliona chai inatikisika kwenye kikombe. Ardhi ilikuwa inapigwa na miguu mingi. Nikageuka.

Alikuwa chini, amejikunja, mikono kichwani. Ta Byabato, besi wetu wa kwaya, ambaye saa chache kabla tulishika naye kitabu kimoja cha nyimbo, alikuwa ameinua mpini wa jembe kwa mikono miwili. Na kwa kuwa nilikuwa bado na pamba, yote niliyaona bila sauti. Fimbo zinapanda, zinashuka, midomo imeachama, kama watu wanaopura maharage. Maharage yalikuwa mtu. Majani makavu ya migomba chini yake yalikuwa yamelowa mekundu, na kijana mmoja wa duka la mbolea alikuwa anazunguka na panga, anatafuta nafasi.

Nilikimbia. Mimi nasema nilikimbia, Mama Koku anasema nilibingirika. Nikamlalia Bizimana mzimamzima. Ni mara ya kwanza kitambi hiki kinamfaa mtu.

Kumbe nilijipeleka. Kitambaa kichwani, uso haujulikani, mtu anatokea mbio kwenye migomba. "Mwenzake huyo! Amejifunika asijulikane!" Fimbo ya kwanza ilitua mkononi, na huo mfupa niliusikia kwa ndani, pamba haikusaidia. Ya pili mbavuni. Hiyo ni ya Deusi, amekiri mwenyewe. Pamba moja ikachomoka na dunia yote ikaingia sikioni kwa mkupuo: matusi, kuhema, na sauti ya mti mkavu ukipiga nyama.

Nikapiga kelele kwamba nilikuwa nasoma. Nasoma! Jaribu wewe kumwambia hivyo mtu mwenye mpini wa jembe. Mwizi gani hajawahi kuwa na maelezo?

Basi nikafanya kile ambacho mdomo wangu ulikijua kabla ya a-e-i-o-u. Nikapiga enduru. Uso umezama mgongoni kwa Bizimana, damu yake mdomoni mwangu, nikaipiga mpaka koo likachanika.

Mikono ikasimama.

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Haikusimama kwa huruma. Ilisimama kwa sababu enduru ikilia mwanaume wa Kihanga lazima ageuke atafute hatari iko wapi. Walitazama huku na huku, fimbo juu, wanamtafuta adui. Deusi ndiye wa kwanza aliyeshusha macho akaona kilichokuwa mkononi mwake. Mama Koku akaijibu enduru kutoka juu, wanawake wakaipokea, na wanaume wa ng'ambo ya bonde wakaja mbio na mapanga wakiuliza, "Nani anauawa? Nani anauawa?"



Kahawa ya Ta Byabato haijaonekana hadi sasa. Bizimana ana mbavu zilizovunjika, taya, na jicho ambalo daktari anasema tusubiri. Leo alfajiri Ta Byabato alikuja kwangu na mkungu wa ndizi na kibuyu cha pombe ya rubisi. Akakaa, akatazama miguu yake.

"Meneja, tumekosa. Lakini na wewe bwana, pamba masikioni mchana kweupe?"

Nikacheka. Mbavu zikaniuma, nikaendelea kucheka. Alipoondoka ndipo nikaona nilichokicheka. Mkungu umekuja kwangu, rubisi imekuja kwangu. Hospitali hakuna aliyepeleka hata maji.

Halafu mwenyekiti wa kitongoji akapita kuniarifu kwamba kuna mkutano wa kujadili, kwa maneno yake, suala la yule Mrundi. Wengi wanaona arudi kwao, yaishe. Nikamuuliza, yaishe yapi? Akasema, "Wewe ni msomi, Meneja, usitukuzie mambo." Wakiamua hivyo, Bizimana atatoka hospitali akiwa mwizi, na waliompiga watakuwa watu walioitikia enduru.

Mkutano ni Jumamosi.

Nimempigia bosi. "Pole sana, mzee wangu," amesema. "Lakini nafasi haiwezi kusubiri."

Mchana huu nimekwenda wodini. Mama Koku alikuwa anamnywesha uji kwa mrija. Nikamuuliza mgonjwa swali nililolala nalo: Bizimana, ulisikia enduru, uliona fimbo, kwa nini hukukimbia?

Amelijibu polepole, meno hayafunguki.

"Hukuniita, mzee."

Nimerudi ofisini na kufunga mlango.

Na kuna jingine, shajara, ambalo sijamwambia hata Mama Koku. Ningekuwa sina pamba ningeisikia enduru. Ningechukua fimbo nyuma ya mlango na kukimbia na wenzangu. Na kama aliyesimama njiani angekuwa kibarua wa mtu mwingine, mgeni nisiyemjua, anayesema bosi wake amekataza mtu kupita? Napenda kuamini ningebaki nyuma. Nautazama huu mkono uliofungwa, na sijui ungefanya nini.

Kigali siendi. Jumamosi nitakaa mbele, kichwa wazi, nitaje kila aliyepiga, nikianza na shemeji yangu. Mama Koku anajua. Alinikunjulia mkono wa shati ukapita juu ya bandeji. Baada ya hapo pengine nitakula Jumapili zangu kwa amani, maana sidhani kama Deusi ataingia tena.

Nikitoka mkutanoni nitakwenda moja kwa moja hospitali, nisimame mlangoni mwa wodi, nimwite. Kwa jina lake, kwa sauti.

Ataitika?