Mama Yuko Kwangu, na Kazi Siachi

S.L.P. 412,
Mbalizi, Mbeya.
2 Juni 2024.

Mpendwa kaka Clement,

Kamwene! Habari za Kigoma na joto lake? Wifi Benedicta hajambo? Watoto wanaendelea vizuri na shule? Na huo mgongo wako umepona, au bado unaufunga kwa kanga ya wifi? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Ukinawa asubuhi vidole vinauma.

Najua unashangaa kuona barua wakati namba yako ninayo. Nikikupigia utasema uko kikaoni. Nikikutumia ujumbe utanijibu kwa kidole gumba. Karatasi haina kidole gumba, kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho.

Kaka, umeniumiza. Tangu Mama apate kiharusi, wewe na baba mkubwa Edmund mmekuwa mkipigiana simu, mkakubaliana niache kazi nirudi Ifunda nikamuuguze. Eti si ndiye nesi! Maneno hayo yamezunguka ukoo mzima ndipo yakanifikia mimi mwenyewe. Wewe ni fundi umeme. Taa ya Mama ikiungua, kuna mtu anakuambia uache kazi Kigoma urudi nyumbani? Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba Mama aje akae kwangu. Hakuna aliyenisikiliza.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana naona hamuijui. Majuzi alifika mama mmoja kutoka Chunya na mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara. Macho yameingia ndani, mishipa haionekani kabisa. Wenzangu walijaribu, daktari naye akajaribu, mtoto hana hata nguvu ya kulia. Wakasema, mwiteni Severina. Nikaupapasa mkono wake taratibu mpaka nikausikia mshipa, nikaingiza sindano mara moja tu, dripu ikaanza kushuka. Sikufichi kaka, nilijiona mkubwa! Siku ile nilitembea wodini kama mwenye nyumba. Jioni mtoto akalia kwa sauti, na mama yake akanishika mkono.

Na faida ninazo, sikatai. Wangapi wanazunguka na vyeti vyao na kazi hawapati? Mimi nina kazi, nina sare, nina jina. Akina mama wa ndizi hapa sokoni wananiita sista na hawathubutu kunipa zilizooza. Nimesoma kwa shida, wewe shahidi. Kwa nini nione aibu kufurahia?

Sasa sikia yaliyotokea kwenye msiba wa shangazi Rozalia kule Ifunda mwezi wa nne, ule ambao hukuweza kuja. Siku ya maziko wanawake tuko ndani kwenye mikeka, wanaume nje, kama kawaida. Mwili ulichelewa kutoka Iringa mjini, na wazee wakasema chakula kisipakuliwe mpaka tumzike. Baba mkubwa alikuwa ameshameza vidonge vyake vya sukari asubuhi, tumbo tupu. Ulanzi nao, pombe yetu ya mianzi, ndio msimu wake, na yeye unamjua.

Natoka kwenda kuchota maji, namkuta amelazwa nyuma ya nyumba, kofia usoni. Wanaume wanacheka, eti mzee leo kazidiwa. Nikainua kofia. Jasho linamtiririka kwenye baridi ile, mikono inatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Ulevi gani huo? Sukari ilikuwa imemshuka mwilini. Nikapiga kelele waniletee sukari kutoka jikoni. Mzee Ezekia, mdogo wake, akanizuia: "Binti, rudi ndani kwa wenzako, mwache mzee alale." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, lakini sogea."

Akasogea! Nikamkalisha baba mkubwa, nikahakikisha anaweza kumeza, nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Jeneza halijafika, mzee anauliza nani kamchukulia kofia yake.

Ungedhani yameisha hapo. Thubutu! Msiba ulipokwisha kikao kikakaa, nikaitwa mimi na Mama. Baba mkubwa huyohuyo akasimama, akanisifu vizuri sana, halafu akasema, "Mmeona wenyewe. Mtu kama huyu wa kukaa Mbeya kutibu watu wa watu? Arudi nyumbani." Wazee wakaitikia. Yaani nimemwinua, na kule kumwinua ndiyo kamba ya kunifungia!

Nami nikasimama. Nikasema, "Baba mkubwa, pale walikuwepo watoto wengi wa Ifunda, na ndio waliokufunika kofia. Mimi nilijua unaumwa kwa sababu kila siku nashinda na wagonjwa. Nirudisheni hapa nilime viazi miaka miwili mitatu, halafu uanguke tena. Na mimi nitasema umelewa."

Baba mkubwa akabakiwa na moja tu: Mama akihama, nani atabaki na kaburi la marehemu baba? Hapo ndipo Mama, ambaye wote walikuwa wamemsahau kwenye kiti chake, akafungua mdomo. Unajua sasa maneno yanamtoka kwa shida, moja moja. Akasema, "Kaburi haliugui. Naumwa mimi. Naenda na Severina." Kesho yake tukaondoka.

Kwa hiyo Mama yuko hapa. Nikiwa zamu ya mchana anashinda na dada Tumpe, jirani yangu Mnyakyusa, mcheshi kupita kiasi. Nikiwa na nafasi nampeleka mazoezi ya viungo pale pale kazini kwangu, na wenzangu wanampokea kama mama yao. Mkono bado mzito, lakini kijiko anashika mwenyewe. Ingekuwa Ifunda, haya angeyapata wapi? Njoo umwone. Usitume maagizo, njoo wewe.

Jana baba mkubwa alipiga simu, mimi sipo. Tumpe akamwekea Mama sikioni. Mzee akauliza, huyo Severina yuko wapi, mbona amekuacha peke yako? Tumpe anasema Mama alinyoosha shingo, akakusanya maneno yake yote, akayatoa bila kukwama hata kidogo: "Mwanangu yuko kazini." Kisha akarudisha simu.

Wewe nawe ukiulizwa, jibu hivyohivyo.

Nisalimie sana wifi Benedicta, na wanangu Marcelino na Eveline. Mama anawasalimu wote. Mungu awatunze huko mliko, awape riziki na afya, na wewe akuongezee masikio.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Severina