Gazeti la Baba kwenye Ukuta wa Kasoli

Bariadi, Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na nina furaha hadi chai nimesahau kuitia sukari.

Enzi za ruksa, soko huria lilipoingia na watu binafsi wakaruhusiwa kuchapisha magazeti, baba na walimu wenzake wawili walianzisha gazeti la Jumapili. Lilichapwa Mwanza, likaja kwa treni hadi Malampaka, kisha kwa baiskeli. Gazeti la Jumapili lilifika huku Jumanne, likichelewa Alhamisi. Watu walimtania baba mpaka akazoea.

Lilikufa baada ya misimu miwili ya pamba. Hakubakiza hata nakala moja. Za mwisho aliwapa wauza maandazi wafungie. Tangu hapo anaamini hakuna aliyelisoma. Sasa macho yake hayaoni tena, na jioni hurudia neno lile lile, kwamba ujana wake ulikwenda bure.

Inaniuma kumsikia.

Jana nilikwenda Kasoli kumpa pole mama mmoja mzee aliyefiwa na mumewe. Sebule yake ni ya udongo, kuta zimebandikwa magazeti kwa uji wa muhogo, kama tulivyofanya wengi zamani. Nikaona jina ninalolijua. Toleo la kwanza la baba, limebandikwa kichwa chini.

Nilisimama nimeinamisha shingo kama kuku, nikisoma huku machozi yananitoka.

Mama yule hajui kusoma. Nilipomwambia hilo ni gazeti la baba, alinieleza kwamba likifika katikati ya wiki, mumewe alilitunza. Jumapili, wakitoka kanisani, aliwasomea majirani kwa Kisukuma. Likiisha, mama mwenyewe alilibandika, na juu na chini ya karatasi hakuvijua.

"Hili ndilo lililotwambia tuulize bei kabla pamba haijapanda kwenye mizani," alisema. "Mwambie baba yako wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Yaani asante sana, kwa Kisukuma.

Nilipiga picha. Leo nimemsomea baba ukurasa wote kutoka kwenye simu, nikampa salamu zake, nikamweleza na ile kichwa chini. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakielekeza kichwa dirishani kwenye manyunyu.

"Kwa hiyo," akasema, "lilikuwa linasomwa Jumapili."

Asante Mungu kwa uji wa muhogo. Kesho nampeleka Kasoli, akauguse ukuta ule kwa mkono wake.