Spana Namba Kumi

Area 49, Lilongwe
3 Machi 2025

Papa mpendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Goti lako je? Mimi ni mzima, na nsima, ugali wa Wamalawi, nimeizoea.

Bado nafagia kwenye karakana ya ndege ndogo. Ukutani kila chombo kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu. Kikirudishwa, umbo linafunikwa. Leo jioni umbo moja lilibaki wazi: spana namba kumi. Nilimwambia Shemasi Mulenda, fundi wetu. Akacheka, macho mekundu kwa uchovu: "We mutoto wa diplome! Fagia tu. Iko mu mufuko yangu."

Nyumbani aliumwaga mfuko mezani. Miwani na mkate tu. Aliukata mkate, nami sikumwuliza spana. Ndiye aliyenitafutia kazi, na ninalala kwake. Nitamkosoaje? Ndege aliyokuwa akiitengeneza itaruka Ijumaa. Nikifumba macho naliona lile umbo.

Mama Gertrude atakuletea barua hii akija huko kambini kuuza vitenge.

Binti yako,
Darlène

Dzaleka
4 Machi 2025

Mwanangu,

Amani kwako. Goti huuma mvua ikinyesha, si kitu.

Uliwahi kuniuliza kwa nini ndege ikipita nainamisha kichwa. Nilisema ni jua. Nilikudanganya. Kabla hujazaliwa nilikuwa msaidizi wa fundi wa ndege kule Kivu. Fundi huyo alikuwa baba yangu wa ubatizo. Siku ile alikuwa amechoka, akasahau kufunga pini moja. Niliiona. Nikajiambia: mkubwa hakosolewi mbele ya watu, nitamwambia tukiwa wawili. Hatukupata kuwa wawili.

Ndege ilianguka, wakafa watu saba. Bado hunijia. Hawaniulizi kitu, wanangoja tu nifungue kinywa.

Wewe usingoje. Sema mbele ya wote, hata sauti ikitetemeka. Wakikufukuza, mkeka wako uko hapa.

Papa yako

Mtandire, Lilongwe
8 Machi 2025

Papa,

Salamu nyingi. Sasa nalala kwa Mama Gertrude.

Barua yako ilinifikia Ijumaa asubuhi, rubani akiwa ameshapanda. Nilisimama mbele ya ndege na ufagio wangu. Mara ya kwanza hakuna aliyenisikia. Mara ya pili nilipiga kelele: "Spana haiko!"

"Unaniaibisha, mutoto?" Mulenda aliuliza, polepole.

Walifungua sakafu ya ndege. Spana ilikuwa imelala juu ya nyaya za usukani. Mulenda aliketi pale pale kwenye saruji. Jioni mke wake aliniwekea nguo zangu mlangoni.

Kazi ninayo bado. Spana imerudi ukutani, lakini kila nikipita naigusa.

Ndege imekaguliwa upya. Jumanne saa nne asubuhi itapita juu ya Dzaleka. Papa, utoke nje.

Binti yako,
Darlène

Dzaleka
11 Machi 2025

Mwanangu,

Sijambo. Nilitoka tangu saa tatu.

Mlio ulikuwa ule ule. Kichwa kilitaka kuinama, nikashika kidevu kwa mkono. Niliitazama mpaka ikawa ndogo kama punje ya mtama, ikapotea.

Wale saba walikuwa wamesimama kando yangu. Hawajaondoka. Lakini leo hawakunitazama mimi. Walitazama juu.

Papa yako