Nilimpaka Mume Wangu Piko, Rafiki Yake Akaitwa Msaliti

Shangazi Edina mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, maana nina wiki mbili tu ndani ya ndoa na sidhani kama kuna mwanamke mwingine Dodoma nzima anayependwa hivi, mume wangu William ananimenyea hadi machungwa, akitoka kwenda kufundisha kule Chimwaga anageuka getini mara mbili kunipungia, na mimi ndiye niliyemharibia jina mbele ya taifa lake.

William ni mkimbizi. Kwao wanajeshi walipindua serikali, na juzijuzi wakaitisha uchaguzi ambao jenerali aligombea dhidi ya shemeji yake, ushindi ukatangazwa redioni vituo vikiwa bado wazi. Wenzake walioko hapa, watu kumi na tisa, wakaamua kupinga kwa picha. Kwao mpiga kura huchovywa kidole kidogo cha kushoto kwenye wino mweusi, hivyo wao wangesimama pamoja na kuinua vidole visafi, dunia ione kwamba hakuna aliyekwenda kupiga kura ubalozini. William ni katibu wao na wazo lilikuwa lake.

Sasa Jumapili ile, baada ya ibada, mpenzi wangu akajilaza kwenye kochi, usingizi ukampitia, mkono wa kushoto ukaning'inia, nikakitazama kile kidole nikahisi moyo unayeyuka, na kwa kuwa Mwanaidi, rafiki yangu wa Kondoa aliyenipamba siku ya harusi, alikuwa ameniachia piko kidogo, nikamchorea kopa dogo kwenye ncha, iwe siri ya mapenzi yetu. Kabla halijakauka akajikuna pua. Kopa likawa doa. Nikafuta mbiombio lakini piko ilishashika, mara simu ikalia, wenzake wanamsubiri kwa ile picha, akaruka akaondoka bila hata kujitazama.

Kesho yake televisheni ya wale wanajeshi ikakikuza kidole cha mume wangu kikajaa kioo kizima, mtangazaji akasema, "Hata katibu wao amepiga kura."

Shangazi, William aliapa mbele ya wenzake kwamba hakupiga, wakamwamini, lakini nani basi kampaka? Wote wakamgeukia Meshack, msimamizi wa ndoa yetu, kwa kuwa ndiye aliyeandika mabango kwa wino mweusi. Wanasema amenunuliwa. Jumamosi wanamfukuza kwenye umoja wao, na hapa mjini hana ndugu mwingine. Nilimuuliza William kwa ujanja kama lile doa halifanani na piko yangu, akanibusu mkono akasema, "Ya kwako ni maua, mpenzi. Hii ni kazi ya maadui." Mpaka leo ana kidoa puani, anadhani ni chunusi.

Juzi Meshack alikuja mlangoni. William akamwambia, "Nenda kwa waliokutuma." Meshack akanitazama mimi. "Shemeji, na wewe unaamini?" Nikasema chai inachemka, nikakimbilia jikoni.

William ameapa hatamsamehe aliyefanya hivi, na ndiye anayelala pembeni yake. Je, ninyamaze mpaka piko ifutike yenyewe?

Bibi Harusi, Dodoma

SHANGAZI EDINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa ndoa, na habari za machungwa nimezisikia. Sasa tuyaweke kando.

Kumchora mume akiwa usingizini ni upuuzi wa bibi harusi, nimecheka nao mpaka wenzangu wakaja kunichungulia. Hilo la mlangoni silicheki. Mtu aliyesimama nawe kanisani amekuuliza swali moja, nawe ukajificha nyuma ya sufuria. Unauliza kama piko itafutika. Itafutika, siku kumi tu. Meshack je?

Na huyo mumeo, msomi mzima, mkewe ana maua meusi hadi viwikoni naye anatafuta jasusi. Mwambie ajitazame kwenye kioo. Kama adui alimvizia kidole, na pua alimpaka saa ngapi?

Unaogopa hatakusamehe. Huenda atanuna siku mbili tatu, mwache anune, hujaolewa na malaika. Lakini watu hawa wamekimbia kwao kwa sababu waliokuwa juu walisema uongo na waliojua ukweli wakanyamaza. Usimrudishie hayo ndani ya nyumba yake.

Basi sikia. Akirudi leo, kabla hajavua viatu, mwambie. Usianze na "mpenzi", anza na "ni mimi". Usilie, maana ukilia atakubembeleza wewe na kumsahau mwenzake. Jumamosi uingie kikaoni na piko uliyobakiza, ujichore doa kwenye kidole chako mbele ya wote kumi na tisa, walione linavyoshika, wapige picha na kuisambaza kama walivyoisambaza ile ya kwanza. Wale wa televisheni hawataionyesha. Haidhuru, wanaotakiwa kujua watakuwa wamejua.

Ila kwa Meshack msingoje Jumamosi. Nendeni leo hii, wote wawili, William atangulie kuomba radhi nawe ufuate. Leo ni Jumatano tu, na mtu yule anakula peke yake.